Mradi wa LNG wa Lindi na wilaya za Nachingwea na Ruangwa

Mradi wa LNG (gesi asilia iliyogeuzwa kimiminika) wa Lindi ni mpango wa Tanzania wa kujenga kiwanda cha kusindika gesi asilia, pamoja na gati la kuisafirisha nje, katika eneo la Likong'o, kaskazini mwa mji wa Lindi. Gesi itatoka vitalu namba 1, 2 na 4 vya bahari kuu, ambako baadhi ya visima viko kwenye kina cha maji kinachozidi meta 2,000. Ikifika nchi kavu itasafishwa na kupozwa hadi nyuzi 162 chini ya sifuri. Hapo hugeuka kimiminika, ujazo wake ukipungua takriban mara 600, na meli huweza kuibeba.

Gesi iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974 na Mnazi Bay mwaka 1982, lakini ugunduzi wa bahari kuu ulioanza 2010 ndio uliozaa wazo la kuuza nje. Akiba iliyotangazwa ni futi za ujazo trilioni 57.54. Shell, iliyoinunua kampuni ya BG mwaka 2016, inaongoza vitalu 1 na 4. Equinor na ExxonMobil wana kitalu 2. Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania (TPDC) linasimama kwa niaba ya taifa. TPDC ilitwaa zaidi ya hekta 2,000 Likong'o, na mwaka 2020 wakazi zaidi ya 600 walilipwa fidia.

Januari 2021 Equinor ilipunguza thamani ya mradi kwenye vitabu vyake kwa dola milioni 982. Juni 2022 makubaliano ya awali yalitiwa saini mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan, na mwaka 2023 ikatangazwa kuwa majadiliano yamekamilika. Gharama ilitajwa kufikia dola bilioni 42. Hata hivyo, hadi 2025 uamuzi wa mwisho wa uwekezaji ulikuwa haujafanyika.

Nachingwea na Ruangwa ziko bara, katika mkoa huohuo wa Lindi, na zinaijua vizuri miradi mikubwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza walichagua Nachingwea, Kongwa na Urambo kwa mpango wa karanga ulioanza 1947. Bandari ya kina kirefu ilijengwa Mtwara na reli ikafika Nachingwea. Mitambo ilishindwa na visiki, mvua haikutabirika, na mwaka 1951 mpango ukaachwa. Reli nayo ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa kukosa mizigo. Bandari ilibaki kwa sababu ilikuwa na kazi nyingine ya kufanya. Reli ilitegemea zao moja.

Hapo ndipo penye swali la LNG kwa wilaya hizi: mradi utaziachia nini cha kudumu? Ushuru wa huduma, unaotozwa kwa asilimia ya mauzo, hulipwa kwa halmashauri ambamo shughuli inafanyika. Ndiyo maana Kilwa hupata fedha za Songo Songo. Kwa utaratibu huo Likong'o itainufaisha Manispaa ya Lindi, huku Nachingwea na Ruangwa zikisubiri mgawo wa serikali kuu. Si haki kulichukulia jambo hili kuwa dogo: mwaka 2013 Mtwara iliingia katika ghasia kwa sababu wananchi waliona bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam likipangwa bila wao kuelezwa watabaki na nini.

Uchumi wa bara hii ni korosho, ufuta na mbaazi, zinazouzwa minadani kwa stakabadhi ghalani kupitia chama kikuu cha Runali, kinachounganisha Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Ruangwa ina pia madini ya kinywe. Kinywe kinahitaji umeme wa uhakika, na kubangua korosho papo hapo kunahitaji nishati ya bei nafuu. Kwa hiyo kipengele cha mkataba kinachostahili kupiganiwa zaidi na wabunge na madiwani wa wilaya hizi ni kiasi cha gesi kitakachotengwa kwa matumizi ya ndani, bei yake, na nani atagharamia kuifikisha bara. Hayo huamuliwa kabla ya saini. Meli zikishafungiwa mikataba ya miaka 20, nafasi ya kuyadai huwa finyu sana.