Miradi ya Uani: Biashara Ndogo Tanzania, 1967 hadi 1991

Historia ya kufufuka kwa biashara ndogo nchini Tanzania kwa kawaida huanziwa mwaka 1986, Serikali ya Rais Ali Hassan Mwinyi ilipokubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa kulegeza masharti ya uchumi, lakini kuanzia hapo ni kuipa sera sifa ya kazi iliyokwisha kufanywa na wananchi, tena katika miaka ambayo sheria iliwahesabu wengi wao kuwa wakosaji.

Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, mabenki na makampuni makubwa ya biashara ya nje yalitaifishwa, biashara ya jumla ikakabidhiwa mashirika ya umma, na baadaye usambazaji wa bidhaa mikoani ukawa mikononi mwa kampuni za biashara za mikoa, zilizojulikana kwa kifupi RTC. Pigo la moja kwa moja kwa wafanyabiashara wa vijijini lilikuwa Operesheni Maduka ya mwaka 1976, iliyokusudia kufunga maduka ya watu binafsi na kuweka mahali pake maduka ya vijiji vya ujamaa. Mwenye duka wa zamani, hata pale alipowanyonya wateja wake, alikuwa pia akimkopesha mkulima mpaka mavuno na kujua bidhaa ipi itakwisha lini. Duka la ujamaa lilichukua nafasi yake bila mtaji wake wala uzoefu wake.

Kisha shida zikafuatana. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, vita dhidi ya Idi Amin ikaanza mwaka uliofuata, mafuta yakapanda bei, na fedha za kigeni zikapungua kiasi kwamba sukari, sabuni na khanga zikawa bidhaa adimu, yaani bidhaa zisizopatikana ila kwa foleni, kwa kibali au kwa kujuana. Mshahara wa mwezi haukuweza tena kuilisha familia mwezi mzima, na ndipo ulipoenea mradi, jina lililopewa shughuli yoyote ya kuongeza kipato iliyoendeshwa nyumbani au kando ya kazi ya ajira: kufuga kuku uani, kukaanga maandazi na vitumbua, kushona nguo, kuuza mkaa kwa fungu, au kufungua genge la nyanya na vitunguu mbele ya nyumba. Sehemu kubwa ya miradi hiyo ilikuwa ya wanawake, na mtaji wake haukutoka benki bali katika upatu, ambao ni utaratibu wa kikundi cha watu kuchanga kiasi sawa kila wiki au kila mwezi na kumpa mmoja wao jumla yote kwa zamu. Udogo wa shughuli hizi, uliowafanya wapangaji wa uchumi wazidharau, ndio uliozilinda, kwa kuwa mtaji uliopotea leo ungeweza kukusanywa upya zamu ya upatu ikifika. Hata watumishi wa umma, ambao masharti ya uongozi yaliwazuia kuwa na kipato cha pili, waliingia humo, mara nyingi kwa jina la mke.

Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza msako wa wahujumu uchumi, yaani watu walioshukiwa kulangua na kuficha bidhaa, na mwaka huohuo ikapitishwa sheria ya Nguvu Kazi, iliyowataka watu wote wenye uwezo kufanya kazi zilizotambuliwa na Serikali, la sivyo wapelekwe kwenye uzalishaji. Msako ulitisha, lakini haukuongeza sukari madukani, na wachuuzi waliosombwa mijini walirudi. Jambo la kushangaza kidogo ni kwamba sheria hiyo hiyo ilizaa leseni ya Nguvu Kazi, ambayo mchuuzi aliweza kuikata na kuwaonyesha askari.

Bajeti ya mwaka 1984 iliruhusu wenye fedha za kigeni kuagiza bidhaa bila kuhojiwa sana walikozipata, na rafu zikaanza kujaa. Huko hakukuwa kubadili mwelekeo kwa hiari. Serikali ilikuwa ikikiri kwamba biashara ilikwisha kuondoka mikononi mwake. Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 lilipolegeza masharti ya uongozi, miradi mingi ya maofisa ilipata uhalali ikiwa tayari na umri wa miaka kadhaa.

Waliostahimili uhaba hawakufaidika wote na wingi wa bidhaa. Mitumba, nguo zilizokwisha kuvaliwa Ulaya na Marekani, iliwapa vijana waliokuja kuitwa wamachinga bidhaa ya kutembeza kwa mtaji mdogo, lakini ilimshindanisha fundi cherehani na shati ambalo bei yake ilikuwa chini ya gharama ya kitambaa chake, hivyo mafundi wengi waliobaki kazini wakaishia kupunguza na kurekebisha nguo hizo hizo zilizowanyang'anya wateja.