Jena, mji alikofia Bibi Salme



Bibi harusi wengi siku hizi wanaolewa Ulaya, na wakija kupima nguo hutuuliza habari za miji ya huko. Leo tuitazame Jena, mji wa kiasi mashariki ya Ujerumani, kando ya mto Saale, wenye watu zaidi ya 100,000.

Jena ni mji wa elimu. Chuo kikuu chake ni cha tangu mwaka 1558. Mwaka 1806 Napoleon alilishinda jeshi la Prussia hapo karibu. Mwaka 1846 Carl Zeiss alifungua karakana ndogo, akaja kusifika kwa hadubini zake. Mgeni leo hutembelea bustani kongwe ya mimea, na jumba la nyota lililofunguliwa mwaka 1926. Ukikaa ndani, unaiona mbingu ya usiku juu ya kuba.

Lakini sisi wa Unguja, Jena inatuhusu kwa jambo jengine. Ndipo alipofia Bibi Salme, binti wa Sultani Seyyid Said, tarehe 29 Februari 1924, akiwa na miaka 79.

Huyu ndiye aliyejifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia, kwani wasichana walifunzwa kusoma tu. Mwaka 1866 aliondoka Unguja akiwa mja mzito. Huko Aden alibatizwa, akaolewa na Mjerumani, Heinrich Ruete. Mwaka 1870 mumewe aligongwa na tramu Hamburg, akafa, akamwachia watoto watatu wadogo. Alipodai urithi wake, kaka yake Sultani Barghash alikataa. Akasomesha Kiarabu ili apate riziki, na mwaka 1886 akatoa kitabu cha maisha yake. Alizikwa Hamburg. Katika vitu vyake kilikutwa kifuko cha mchanga wa Unguja.

Hatumhukumu, hukumu ni ya Mola. Ila bibi harusi unayesafiri, shika dini yako, jifunze lugha ya huko, mahari na vyeti vyako viweke mwenyewe, na usikate simu ya nyumbani. Nanyi wazazi, mtoto akikosea msimfungie mlango. Mchanga wa kwao anao, lakini mchanga haujibu salamu.

Allah awahifadhi mabinti zetu popote walipo. Amin.