Mlango Unalindwa, Gari la Maiti Halilindwi

Kwa mujibu wa sheria ya makumbusho na urithi ya Kenya ya mwaka 2006, kitu cha kale ni kile kilichotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya 1895. Mlango wa nakshi umependelewa zaidi: ukiwa umechongwa kabla ya 1946 kwa mtindo wa Kiafrika au wa mashariki, basi ni mali ya kulindwa. Gari, hata liwe kongwe kiasi gani, limebaki nje. Milango linayo, lakini haina nakshi. Mtu wa Kisauni, Mombasa, akitaka gari lililobeba maiti za mtaa wake kwa miaka mingi lisiishie kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, ana pahala pamoja tu pa kushika, napo ni kifungu kinachoruhusu serikali itangaze kitu kingine chochote chenye thamani ya kihistoria kuwa cha kulindwa. Kifungu hicho kingefaa kutumika kwa magari ya maiti, na kipimo kiwe bodi na kazi iliyofanywa. Jina la kiwanda lililoandikwa juu ya rejeta lije baadaye.

Kipimo hicho ni kinyume cha kile kinachotumiwa na wapenzi wengi wa magari ya zamani, na madhara ya kipimo chao yameonekana. Uingereza, mnunuzi wa Rolls-Royce alikuwa akiuziwa chesisi na injini, kisha mafundi wa kampuni nyingine, kama vile Hooper, wakaijengea bodi. Gari lilipopitwa na wakati, mara nyingi bodi yake ya abiria ilitolewa ikawekwa ya kubebea maiti, maana chesisi ilikuwa bado imara na haitoi kelele. Miongo kadhaa baadaye wakaja wakusanyaji. Waliing'oa bodi ya maiti, wakaitupa, wakatengeneza nyingine ya wazi inayofanana na za miaka ya 1920. Kwa hiyo chesisi nyingi zimesalia, na bodi za maiti zimekuwa adimu. Hazikuoza wala kugongwa. Zilitupwa na watu walioamini kwamba wanahifadhi.

Kisauni ya zamani, ile iliyokuwa pamoja na Nyali kabla ya mipaka ya uchaguzi wa 2013, ina historia yake ya kusafirisha maiti, na mwanzo wa historia hiyo si barabarani. Rosine Krapf, mke wa mmisionari Johann Ludwig Krapf, alifariki Mombasa Julai 1844, akavushwa maji akazikwe bara, ng'ambo ya kisiwa. Kuanzia 1875 watumwa walioachwa huru walikaa Freretown chini ya wamisionari wa Church Missionary Society, na kengele ya huko ndiyo iliyoacha jina la Kengeleni. Daraja la kuelea la Nyali lilifunguliwa 1931. Kabla yake, maiti wa kisiwani aliyezikwa Kisauni alivushwa kwa chombo, kisha akabebwa mabegani. Daraja la sasa ni la 1980. Mwenye kutafuta gari la maiti lililokuwa likivuka maji bila kupanda chombo aanzie mwaka huo wa 1931.

Jambo la pili ni neno jeneza. Kwa Mkristo wa Freretown jeneza ni sanduku, nalo huzikwa na mwenyewe. Kwa Mwislamu jirani yake jeneza, au tusi kwa neno la wazee, ni machela ya mbao: maiti aliyevikwa sanda hulazwa juu yake, akafunikwa kitambaa, watu wakapokezana kubeba, na baada ya maziko jeneza hurudi msikitini kungoja mwingine. Kwa hiyo cha kwanza kuhifadhiwa Kisauni hakina magurudumu. Gari la msikiti lilikuja kulibeba jeneza hilo, na fundi alilipima gari kwa jeneza: urefu wa sakafu, upana wa mlango wa nyuma, benchi za pembeni za wanaosindikiza.

Hizo ndizo alama za kutafuta. Nambari ya chesisi inaeleza gari lilitoka kiwanda gani. Haielezi lilipata kuwa nini. Aingie mtu chini ya sakafu. Matundu ya skrubu yaliyozibwa yanaonyesha viti vilivyotolewa. Mbao za fremu zilizofichwa na mabati, ribiti zilizopigwa kwa mkono, rangi iliyopakwa juu ya rangi, maandishi ya msikiti au kanisa yanayochungulia chini ya rangi mpya: hayo yapigwe picha na kuandikwa kabla gereji haijagusa kitu. Injini ibadilishwe hata mara tano, historia haikupotea.

Atasema mtu kwamba hayo hayakuwa magari ya maiti halisi, maana jana yake yalibeba wagonjwa au saruji. Marekani, hadi miaka ya 1970, Cadillac zilizojengwa na akina Miller-Meteor ziliuzwa makusudi zifanye kazi mbili, wagonjwa na maiti, na hakuna anayezinyima heshima leo. Kazi mbili ni sehemu ya ushahidi.

Pingamizi zito zaidi ni la dini: Uislamu unapenda maziko yasiyo na fahari, na mali ya wakfu haitolewi kazini ikawe pambo la makumbusho. Hilo ni kweli, na linaamua namna ya kuhifadhi. Mlango wa nakshi unaolindwa na sheria unaweza kuendelea kufunguliwa na kufungwa kila siku katika nyumba yake Mji wa Kale. Jeneza nalo liandikwe likiwa msikitini, libaki humo, lifanye kazi yake. Kinachokatazwa kiwe kuuzwa na kubomolewa bila idhini. Wanaoogopa kwamba kuweka gari la maiti ni kujitakia msiba, wao hulipisha njia likipita na kusimama kwa adabu. Hofu ya namna hiyo iko karibu sana na heshima.

Na kuhusu fedha, kwamba wagonjwa wanahitaji gari kuliko wanahistoria: daftari, kamera na siku chache za fundi mzee hazinunui gari la wagonjwa. Nchi hii tayari imekubali kutunza chombo kwa sababu ya kifo. Katika makumbusho ya reli jijini Nairobi, yaliyofunguliwa 1971, limo behewa ambamo simba alimnyakua ofisa wa polisi Charles Ryall akiwa Kima, Juni 1900. Mtu mmoja, usiku mmoja, na behewa lake limetunzwa. Jeneza la msikiti mmoja wa Kisauni limebeba wangapi?