Hezbon Owiti

Mchoraji na mtengenezaji wa chapa wa Kenya, aliyezaliwa mwaka 1946 Nyanza ya Kati, wilaya iliyokuwa ikisimamiwa kutoka Kisumu. Alianzia Chemchemi, kituo cha utamaduni kilichofunguliwa Nairobi mwaka 1963 na mwandishi Ezekiel Mphahlele wa Afrika Kusini. Baadaye alipata ufadhili wa kwenda Nigeria, akajifunza kwa Ulli Beier, msomi na mhariri Mjerumani. Alichora kwa rangi pia, lakini umahiri wake hasa umo katika chapa za lino, ambazo picha yake huchongwa kwanza kwenye kipande cha linoliamu. Kazi hiyo ni ngumu: kilichochongwa hutokea cheupe, kilichoachwa hushika wino, picha hutoka kinyume karatasini, na kisu kikiteleza hakuna kufuta. Anastahili kuhesabiwa miongoni mwa waanzilishi wa sanaa ya kisasa ya Kenya.