Tenisi ya wawili wawili na pointi mbili za Wimbledon

Tenisi ya wawili wawili ina kombe lake, fedha zake na orodha yake ya ubora, ingawa huchezwa katika wiki ile ile na mashindano ya mchezaji mmoja mmoja. Watazamaji wengi huipuuza, na kwa maoni yetu wanakosea. Kombe la kwanza la Kenya katika mashindano makubwa manne ya tenisi duniani lilipatikana humo, tena katika fainali iliyomhusu pia binti wa wazazi kutoka Kongo, nchi ambayo wengi wa wakazi wa makazi ya Nakivale, wilayani Isingiro, huiita nyumbani.

Uwanja hupanuliwa kutoka mita 8.23 hadi mita 10.97, lakini eneo la kupokelea mpira wa kuanzisha halibadiliki. Wachezaji wote wanne hupokezana kuanzisha, kila mmoja gemu yake. Anayeanzisha hubaki nyuma, na mwenzake husimama karibu na wavu akivizia mpira wa kuukata. Hapo maelewano huweza kuishinda nguvu ya mkono.

Katika mashindano mengi ya kulipwa, wachezaji wakifikia 40-40 gemu huamuliwa kwa pointi moja tu. Kila upande ukishinda seti moja, seti ya tatu haichezwi kwa ukamilifu: wa kwanza kufikisha pointi 10 hushinda, mradi awe mbele kwa pointi mbili. Wimbledon huwaachia wakubwa seti kamili ya tatu, lakini vijana huamua kwa njia hiyo fupi.

Ndivyo ilivyokuwa Julai 2022. Angella Okutoyi wa Kenya, mwenye umri wa miaka 18, alicheza fainali ya wasichana akishirikiana na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Okutoyi alilelewa na bibi yake jijini Nairobi baada ya mama yake kufariki wakati wa kujifungua. Wapinzani wao walikuwa Wakanada wawili, Kayla Cross na Victoria Mboko, ambaye wazazi wake walihama kutoka Kinshasa.

Wakanada walitwaa seti ya kwanza 6-3, wakapoteza ya pili 6-4. Katika pointi za uamuzi hesabu ilifika 9-9, na kombe likawa mbali kwa pointi mbili tu kwa kila upande. Okutoyi na Nijkamp walizipata zote mbili mfululizo, 11-9.

Machi 2024, Okutoyi alishinda dhahabu ya mchezaji mmoja mmoja katika Michezo ya Afrika mjini Accra. Mboko, aliyekuwa na miaka 15 siku ile ya Wimbledon, alitwaa taji la Kanada mjini Montreal Agosti 2025 kwa kumshinda Naomi Osaka katika seti tatu.