Jinsi ya kuunganisha tochi ya TIG kwa vifaa vinavyoendana

Mshono wa stenlesi ukitoka mweusi na wenye vitundu, wengi wetu huanza kuilaumu gesi. Tunabadilisha mtungi, tunaongeza presha, na mshono unabaki ule ule. Kabla hujarudisha mtungi dukani, fungua tochi yako. Mara nyingi ndani utakuta vifaa viwili ambavyo havikutengenezwa kukaa pamoja.

Maelezo haya ni kwa fundi wa Kampala aliyezoea kuchomelea kwa vijiti na sasa anaingia kwenye TIG, ambayo mitaani huitwa weldingi ya agoni. Sinki, meza za jikoni za hoteli, reli za ngazi na vyombo vya maziwa vinataka kazi hii, na mteja wake hakubali mshono mchafu. Bati la stenlesi likiharibika, utalilipa wewe.

Kilichomo ndani ya tochi

Mbele ya kichwa cha tochi hukaa pete ya kuhami, nyeupe, kama plastiki ngumu. Kisha hufungwa bodi ya koleti, kipande cha shaba chenye nyuzi na matundu madogo ya kupitisha gesi. Juu yake kinakuja kikombe cha kauri. Kwa nyuma huingia koleti, kijibomba chembamba cha shaba kilichopasuliwa upande mmoja. Hiki ndicho kinachoshika tungsteni. Kofia ya nyuma yenye pete ya mpira hukaza yote.

Majina ya vifaa hivi hubadilika. Fundi aliyejifunza kazi Bukavu atakutajia la Kifaransa, na mwenye duka Katwe atakujibu kwa Kiingereza au Kiganda. Namba hazibadiliki. Kwa hiyo shika namba.

Kwanza: familia ya tochi

Tochi za namba 17, 18 na 26 hutumia vifaa vya mbele vya aina moja. Ya 17 hupozwa kwa hewa na hubeba hadi ampea 150. Ya 26 pia ni ya hewa, hadi ampea 200. Ya 18 hupozwa kwa maji. Tochi za 9 na 20 ni familia nyingine, ndogo zaidi. Vifaa vya familia ya kwanza huanza na 10N, vya familia ya pili huanza na 13N. Ikiwa namba imefutika, pima koleti: ya 10N ina urefu wa karibu milimita 50, ya 13N karibu nusu yake.

Herufi V baada ya namba, kama 17V au 26V, ina maana kwamba tochi ina koki ya gesi kichwani. Hiyo ndiyo inayofaa ukitumia mashine ya kawaida ya vijiti isiyo na valvu ya gesi ndani yake. Jihadhari pia na tochi ya QQ-150 inayokuja na baadhi ya mashine za Kichina. Kwa macho inafanana na hizi, lakini vifaa vyake ni vya kwake peke yake.

Pili: unene wa tungsteni

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Koleti na bodi yake lazima viwe vya unene ule ule wa tungsteni. Kwa familia ya 17, 18 na 26, tungsteni ya milimita 1.6 inataka koleti 10N23 na bodi 10N31. Ya milimita 2.4 inataka koleti 10N24 na bodi 10N32. Ya milimita 1.0 inataka 10N22 na 10N30.

Ukitia tungsteni ya 1.6 kwenye koleti ya 2.4, utakaza kofia mpaka nyuzi zikatike na tungsteni bado itateleza. Hata isipoteleza, inashikwa sehemu ndogo tu, umeme unapita kwa shida, na koleti inaungua na kujisokota ndani ya bodi. Kuitoa hapo ni kazi ya koleo na maneno mabaya. Wengine huibana koleti kwa nyundo ili ishike. Usifanye hivyo, koleti mpya ni rahisi kuliko kichwa cha tochi.

Kwa bati jembamba na bomba za kawaida za stenlesi, 1.6 inatosha: inafanya kazi vizuri kati ya ampea 70 na 150 hivi. Kwa hiyo fundi mwenye tochi ya 17 anaweza kuanza na seti moja tu, ya 1.6, akaitumia miezi mingi. Chagua tungsteni yenye rangi ya bluu, dhahabu au kijivu. Ile yenye rangi nyekundu ina thoriamu, madini yenye mionzi, na vumbi lake wakati wa kunoa si la kuvuta.

Tatu: lenzi ya gesi au bodi ya kawaida

Lenzi ya gesi ni bodi ya koleti yenye wavu mwembamba unaotuliza gesi, hivyo mshono unafunikwa vizuri zaidi. Ni nzuri sana kwa stenlesi. Lakini ni nene kuliko bodi ya kawaida, kwa hiyo inadai kikombe chake na pete yake. Bodi ya kawaida hukaa na pete 18CG na vikombe vya 10N. Lenzi ya 1.6, yaani 45V25, hukaa na pete 54N01 na vikombe vya 54N. Ukinunua lenzi peke yake umenunua theluthi ya kifaa.

Namba ya kikombe huhesabu sehemu za 16 za inchi: namba 8 ni nusu inchi mdomoni, namba 6 ni robo tatu ya upana huo.

Kufunga

Zima mashine, funga gesi. Vaa pete kwanza, kisha kaza bodi ya koleti mpaka ikae imara. Ikilegea, kichwa kinaungua. Funga kikombe kwa mkono mpaka kiguse pete bila kuacha upenyo. Ingiza koleti kwa nyuma, upande uliopasuliwa ukitangulia, kisha tungsteni, kisha kofia. Tungsteni itokeze nje ya kikombe milimita 3 hadi 6. Tochi iende upande hasi wa mashine na kibano cha kazi upande chanya. Ukigeuza, ncha inayeyuka na kuwa tone mara moja. Gesi iwe agoni tupu, lita 6 hadi 10 kwa dakika. Kuizidisha huleta msukosuko unaovuta hewa ndani, na mtungi unaisha bure.

Soma dalili

Tungsteni ikiwa nyeusi au ya bluu baada ya kuzima, hewa imeingia: angalia pete ya mbele, pete ya mpira ya kofia, na kama umefunga gesi mapema mno. Acha gesi itoke sekunde 8 hadi 10 baada ya kuzima. Cheche zikiruka kati ya kichwa na kikombe, pete haipo au imeungua. Mpini ukiwa moto kuliko kawaida, umezidisha ampea za tochi au bodi imelegea.

Ukienda kununua, beba kichwa cha tochi chenyewe pamoja na kipande cha tungsteni yako, na funga kila kifaa hapo dukani kabla ya kulipa. Seti zinazouzwa kwenye mifuko huchanganywa wakati mwingine, koleti za 2.4 na bodi za 1.6 katika mfuko mmoja. Ukifika karakana, paka maji ya sabuni kwenye maungio ya bomba la gesi na utazame mapovu. Acha mlango wazi: agoni haina harufu, ni nzito kuliko hewa, na katika chumba kidogo kilichofungwa inaweza kukuishia pumzi bila onyo.