Alama za vidole za wakulima wa Fengyang

Leo tuache kidogo habari za mbolea na viwavi. Kuna swali naulizwa karibu kila nikikaa na vikundi: kwa nini shamba la pamoja linadorora, wakati bustani ya mtu binafsi pembeni yake inastawi? Wilaya moja ya vijijini nchini China ililijibu swali hili kwa gharama kubwa. Inaitwa Fengyang.

Ardhi nzuri, maji mabaya

Fengyang iko katika mkoa wa Anhui, mashariki mwa China. Kaskazini ni tambarare ya mto Huai, kusini ni vilima. Wakulima hupanda ngano wakati wa baridi, kisha mpunga, mahindi, soya na karanga. Ukiitazama utadhani njaa haijui njia ya kufika huko.

Tatizo lilikuwa maji. Mwaka 1194 Mto Manjano ulivunja kingo na kuhamia bonde la Huai. Ulikaa huko hadi 1855, ukijaza tope na kuuzibia Huai njia ya kwenda baharini. Tangu hapo, mvua ikizidi ni mafuriko, ikipungua ni ukame.

Zhu Yuanzhang, mfalme aliyeanzisha nasaba ya Ming mwaka 1368, alizaliwa huko katika familia ya wakulima maskini. Njaa na maradhi viliwaua wazazi wake, naye akawahi kuombaomba. Alipotawala alianza kujenga mji mkuu kwao, lakini mwaka 1375 akasimamisha kazi. Kuta zilibaki, na mkulima akabaki na shida zake. Kwa vizazi vingi watu wa Fengyang walijulikana kwa kuzunguka nchi wakipiga ngoma ndogo na kuomba chakula.

Jembe la wote

Mwaka 1958 mashamba ya China yaliunganishwa katika jumuiya kubwa. Mtu alilipwa kwa pointi za kazi. Aliyepalilia kwa bidii na aliyeegemea jembe walitofautiana kidogo sana. Viongozi wakatangaza mavuno ya uongo, na serikali ikachukua nafaka kwa hesabu hizo za uongo. Njaa ya 1959 hadi 1961 iliua mamilioni ya watu nchini, na Fengyang ilikuwa kati ya wilaya zilizoumia zaidi.

Katika wilaya hiyo kuna kijiji kiitwacho Xiaogang. Hata baada ya njaa ile kupita, watu wake waliendelea kutoka kwenda kuomba.

Mkataba wa siri

Mwishoni mwa 1978, mwaka wa ukame mkali, wakulima 18 wa Xiaogang walikutana kwa siri. Waligawana mashamba kwa kaya. Kila kaya itoe fungu la serikali na la jumuiya, kinachobaki ni chake. Lilikuwa kosa kubwa wakati huo. Kwa hiyo waliahidiana kwamba viongozi wao wakifungwa, wengine watawalea watoto wao hadi wafike miaka 18. Wakaweka alama za vidole.

Mwaka 1979 mavuno yaliongezeka mara kadhaa. Ardhi ilikuwa ile ile, watu wale wale, mto ule ule. Wan Li, kiongozi wa chama katika mkoa wa Anhui, aliwalinda. Sehemu nyingine nazo zilikuwa zimeanza kufanya hivyo, na mwaka 1982 serikali kuu ikaukubali utaratibu huo rasmi. Ardhi yenyewe haikuwa mali ya mtu. Alichopewa mkulima ni haki ya kuitumia.

Shibe si utajiri

Hapa ndipo wengi wanaosimulia kisa hiki huishia, lakini wewe soma hadi mwisho. Xiaogang walishiba, ila kwa zaidi ya miaka 20 waliendelea kuwa na kipato kidogo. Vipande vya ardhi vilikuwa vidogo, na nafaka pekee haileti fedha nyingi. Mabadiliko yalikuja polepole: barabara nzuri, zabibu na uyoga, kisha kukodishana ardhi ili kupata mashamba makubwa. Mwaka 2018 wanakijiji walipokea gawio lao la kwanza kutoka kampuni ya kijiji, yuan 350 kila mtu.

Kwa hiyo ukikaa na kikundi chako, tenganisheni mambo mawili. Kupalilia, kumwagilia na kuvuna kuwe na mwenyewe anayejulikana, na atakachovuna kiwe chake. Kununua pembejeo, kukodi gari na kutafuta mnunuzi mfanye pamoja, kwa sababu mwenye gunia tatu hapangi bei.

Na makubaliano yenu yaandikeni, kila mmoja aweke sahihi. Watu wa Xiaogang waliandika wakijua wanaweza kufungwa. Wewe huna hofu hiyo, basi usiishie kwenye maneno ya mdomo.